Jinsi Peugeot 404 ya Marangu Ilivyonusurika Kukatwa

Marehemu akiacha gari la zamani, kwa kawaida watu wawili hubisha hodi kwa wafiwa: mmoja analitaka gari, mwingine anavitaka vipuri vyake. Huyu wa pili ndiye hufika mapema, huja na fedha taslimu, na haulizi habari za kadi ya usajili, kwa sababu gari likishakatwa halihitaji kadi tena. Injini inauzwa kama injini, gia boksi inauzwa kama gia boksi, milango na bampa vinaondoka kila kimoja kwa njia yake, na bodi inayobaki inapandishwa kwenye mzani wa vyuma chakavu. Kwa niliyoyaona katika miaka ya kufuatilia mambo haya, naamini kwamba magari mengi ya kale tuliyoyapoteza Tanzania hayakumalizwa na kutu wala uhaba wa mafundi, bali yalimalizwa na karatasi. Peugeot 404 ninayoieleza hapa ilikuwa imekwisha kuingia katika njia hiyo nilipopata habari zake.

Ni sedani nyeupe ya mwaka 1967, iliyonunuliwa ikiwa mpya na afisa mmoja wa ushirika wa kahawa ambaye baada ya kustaafu alirudi kwao Marangu na kuliegesha gari kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Alipofariki, watoto wake wanaoishi Dar es Salaam na Arusha walikubaliana kusafisha uwanja, na mtoto mkubwa akapokea advansi kutoka kwa mnunuzi wa vipuri. Fundi ninayemfahamu pale Moshi aliitwa kwenda kushusha injini, naye badala ya kuchukua spana akachukua simu. “Kaka, kuna Pijo Marangu inakatwa wiki ijayo, na hata mazulia ya ndani bado yapo,” aliniambia. “Njoo uione kabla sijaifungua, maana nikishaifungua mimi, hairudi.”

Kwa msomaji ambaye hakulikuta gari hili barabarani, inafaa nieleze ni kwa nini simu ya namna hiyo ilinipandisha Marangu siku iliyofuata. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na ndiyo maana ina yale mapezi madogo ya nyuma yaliyokuwa mtindo wa wakati huo. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 1618 imelazwa kwa nyuzi 45 ili boneti iweze kushuka chini, na silinda zake ni za kuchomoa, kiasi kwamba fundi aliyeko mbali na mashine ya kuchonga anaweza kutoa zilizolika, akatia mpya pamoja na pistoni zake, na injini ikaanza maisha upya. Feni yake haizunguki muda wote. Hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji ya rejeta yanapopata moto. Gia ziko kwenye usukani, na viti vya mbele hulala hadi kuwa kitanda, jambo lililowafaa sana maafisa wa wilayani waliokuwa wakilala njiani.

Hata hivyo hayo peke yake yasingetosha kulifanya gari la Kifaransa lipendwe Afrika Mashariki kiasi kile. Kilichoijengea jina 404 ni mashindano ya Safari, yaliyokuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za vumbi na tope. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda wakiwa na 404, katika mwaka ambao ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 walishinda tena kwa gari la aina hiyohiyo, na safari hiyo pia yaliyomaliza yalikuwa 7. Katikati yao, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, nao pia katika 404, na huyo Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu aliyenunua 404 nchini mwaka 1967 alikuwa ananunua gari ambalo dereva wa kwao alikuwa ametoka kuwashinda nalo watu wa mataifa mengine kwa mara ya pili mfululizo. Mjane wa marehemu aliniambia kwamba mumewe alikataa gari jingine la bei nafuu zaidi kwa sababu hiyo tu, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakubaliana na hesabu zile.

Hesabu za mnunuzi wa vipuri, kwa upande wake, hazikuwa za kijinga hata kidogo. Gia boksi ilikuwa na mteja mwenye pikapu ya 404 inayofanya kazi hadi leo. Bampa za kromu, grili na taa zilikuwa ziende Nairobi, ambako tangu mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic yaanze mwaka 2003 wapo watu wanaovisaka vitu vya namna hiyo kwa bidii. Viti vingepata mtu, vioo vingepata mtu, na bodi, kwa gari lenye uzito wa tani moja na ushei, ingerudisha gharama ya lori. Ukijumlisha yote, vipande vilikuwa na thamani kubwa kuliko gari zima lisilowaka, lenye namba za usajili za zamani na kadi yenye jina la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nami siwapingi wakata magari. Gari langu la kwanza la zamani lilirudi barabarani kwa kioo cha mbele kilichotoka katika gari lililokatwa, na yapo magari ambayo kwa kweli kuyakata ni kuyatendea haki: yale ambayo sakafu imekwisha kuliwa na chumvi ya pwani, yaliyotiwa injini ya Toyota zamani na shasi zikachomelewa upya mara kwa mara, yasiyo na milango yake wala taa zake. Gari kama hilo likigawanywa linaweza kuyaokoa mengine matatu au manne. Ninachokipinga ni kuyatia katika kundi hilo magari yaliyokamilika, kwa sababu tu yamesimama muda mrefu na hayana mtetezi. Ndiyo sababu kazi ya kwanza pale Marangu haikuwa kubishana na mtu, bali kujua gari lenyewe ni la kundi gani.

Nilikwenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini. Ukiipitisha juu ya bodi, mahali penye bati tupu chini ya rangi inashika, na mahali palipojazwa puti ya kuzibia bodi inateleza na kuanguka. Nilianzia kwenye kingo za chini za milango, nikaenda kwenye viota vya magurudumu, kisha chini ya taa za nyuma ambako 404 hupenda kuoza, na sumaku ilishika kila mahali isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa kiganja kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Marangu kuna mvua na ukungu wa kutosha, lakini hakuna chumvi ya bahari, na banda lile lilikuwa na sakafu ya mawe isiyotuamisha maji. Kutu ilikuwepo chini ya mazulia ya mbele, kutu ya juu juu inayotoka kwa brashi ya waya. Kibati cha kiwandani kilikuwa bado kimepigwa ribiti mahali pake chini ya boneti, na namba yake ililingana tarakimu kwa tarakimu na ile ya kwenye kadi. Ndani ya buti nilikuta jeki yake na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, vyote viwili vimefungwa kwenye gunia la kahawa.

Hasara nazo zilikuwepo. Panya walikuwa wamekula wayaringi ya upande wa kulia kuanzia kwenye taa hadi karibu na dashibodi, kuku walikuwa wamefanya kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia, na kabureta ya Solex haikuwepo: mnunuzi wa vipuri alikuwa ameifungua na kuondoka nayo siku aliyotoa advansi, kama rehani ya mapatano. Lakini rangi ilikuwa ileile ya kiwandani, imechakaa hadi bati kuonekana kwenye ncha za mapezi, na vitambaa vya viti vya mbele vilikuwa vile vilivyotoka navyo Ufaransa.

Wapo watakaouliza kuna faida gani kuhifadhi rangi iliyochakaa na kitambaa kilichopauka, ilhali gereji yoyote nzuri inaweza kuweka vipya. Jibu langu ni la kifundi zaidi kuliko la mapenzi. Mtu anayeifufua 404 iliyokwisha kufunguliwa na mafundi kumi hajui tena mpira wa mlango ulikaa upande gani, waya wa taa ya ndani ulipita wapi, au boliti ipi ilikuwa na washa na ipi haikuwa nayo. Akiwa na gari moja halisi la kutazama, anapata majibu ambayo vitabu vya kiwanda haviyatoi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, liliandika msimamo wa aina hiyo katika Mkataba wa Turin wa mwaka 2012, unaotaka kuhifadhi kile kilichopo kutangulie kukarabati, na kukarabati kutangulie kutengeneza upya. Zaidi ya hapo, gari la aina hii likitutoka hatuna njia rahisi ya kulirudisha. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita umri wa miaka 8, na sisi Tanzania tunayatoza magari makuukuu ushuru wa ziada, na kwa hiyo 404 zilizopo ndizo tulizo nazo.

Sasa nirudi kwenye karatasi, maana ndizo zilizoamua. Nilipoketi na mama mjane pamoja na mtoto wake mkubwa, niliona kwamba hakuna aliyekuwa na tamaa. Walikuwa na hofu. Walidhani gari linadaiwa ada ya leseni ya barabara ya miaka yote liliyosimama, ingawa ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017, na walidhani kwamba kumpa mtu kadi ni kumkabidhi deni, naye angerudi kuwadai. Mnunuzi wa vipuri alikuwa amewaondolea mzigo huo kwa sentensi moja: hana haja na kadi. Niliwashauri wakaulize ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, pale Moshi badala ya kukisia, kisha nikauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza, nalo ni kama ukoo ulikwisha kumteua msimamizi wa mirathi.

“Mwanangu,” mama alisema, “sisi tunauza chuma, hatuuzi shamba.”

“Ni kweli, Mama,” nilimjibu, “lakini chuma hiki kina kadi, na kadi ina jina la marehemu. Chenye jina la marehemu ni mirathi, kama shamba lilivyo mirathi.”

Mtoto mkubwa alinyamaza kwa muda, kwa sababu alikuwa na wadogo zake wanne na alijua vizuri kwamba wawili kati yao hawakuwa wameulizwa. Mali ya marehemu ikiuzwa kabla ya msimamizi kuthibitishwa, mrithi yeyote anaweza kusimama na kuyapinga mauzo, na swali la kwanza litakuwa fedha zilipokelewa na nani. Sikumtisha, nilimweleza tu kwamba mimi mwenyewe nisingetoa hata shilingi moja kabla ya hatua hiyo, na kwamba mnunuzi yeyote mwenye nia njema angesema vilevile. Nilichoomba ni gari lisiguswe mpaka kikao cha ukoo kikae.

Kikao kilikaa, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa, na ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo ambako maombi yalibandikwa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hatua hizi huchukua muda, na muda huo ndio ulioliokoa gari kuliko maneno yangu yote. Mnunuzi wa vipuri alipandisha dau, kisha akalipandisha tena, kisha akatishia kuja na gesi ya kukatia na vijana wake. Lakini mtoto mkubwa, ambaye sasa ndiye alikuwa anapendekezwa kuwa msimamizi, hakutaka kuanza usimamizi kwa kesi na wadogo zake, akamrudishia advansi yake mbele ya balozi wa nyumba kumi. Kabureta haikurudi siku hiyo. Ilirudi baadaye kupitia kwa yule fundi wa Moshi, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mke wangu husoma ninayoyaandika.

Bei ya gari lenyewe tulielewana bila shida. Nililipa kidogo zaidi ya dau la mwisho la vipuri, na nililipa kwa msimamizi, kwa maandishi, mbele ya warithi wote waliokuwepo. Palipokuwa na ugumu wa kweli ni kwenye daftari. Marehemu alikuwa ameandika kwa mkono, tangu siku ya kwanza, kila mafuta aliyobadilisha, kila tairi aliyonunua na kila safari ndefu: Marangu hadi Dar es Salaam, Moshi hadi Nairobi, mafuta lita ngapi, mvua au kiangazi, barabara imekatika wapi. Katika ulimwengu wa magari ya kale daftari la namna hiyo ni sehemu ya gari, na mnunuzi huliomba pamoja na funguo. Nililiomba. Mama alilifungua, akasoma ukurasa mmoja kimya, akalifunga na kuliweka mapajani. Nilielewa kwamba pale nisingepaswa kusisitiza. Tulikubaliana nipige picha kurasa zote, nami nikafanya hivyo mezani pake siku hiyohiyo, na daftari likabaki kwa mjukuu wake wa kike ambaye mwandiko wa babu yake anaujua. Wakusanyaji wa magari watasema nimepunguza thamani. Kwa maoni yangu mwandiko wa mtu ni wa watu wake kwanza, na taarifa zilizomo ninazo zote.

Kulishusha gari kutoka Marangu hadi Moshi nilikataa livutwe kwa kamba, ijapokuwa barabara nzima ni lami na kila mtu aliniona kama mwenye maringo. Breki zilikuwa zimekufa, na difu, yaani gia ya ekseli ya nyuma, ilikuwa karibu kavu. Difu ya 404 si kama za magari mengi: ndani yake kuna kitu kama skrubu nene ya chuma inayosukuma gurudumu la meno la shaba, na meno hayo yanateleza juu ya mwenzake muda wote badala ya kubingirika. Kuliburuta gari hilo kilomita nyingi bila mafuta ni kuisaga shaba ukiwa unaisikia. Tulilipandisha kwenye lori kwa mbao mbili na winchi, magurudumu yakiwa yamejazwa upepo kadiri mipira yake mikongwe ilivyoweza kustahimili.

Suala la mafuta ya difu lilizua mjadala mrefu kuliko mengine yote tulipofika gereji. Fundi alikuwa na kopo la mafuta mazito ya gia, yale ya kawaida yenye viambato vya salfa kwa ajili ya meno ya chuma, na alikuwa tayari kumimina. Viambato hivyo vikipata moto huila shaba, na Peugeot yenyewe kwa difu za namna hii ilikuwa ikiagiza mafuta maalumu, ambayo zamani yalitengenezwa kwa msingi wa nyonyo. Nilipolitaja neno nyonyo, vijana wote wa gereji waliacha kazi wakacheka, kwa sababu wanaijua kama mafuta ya nywele ya dada zao. Nilinunua mafuta yasiyodhuru shaba, tukaosha difu kwa dizeli, tukakagua meno kwa tochi kupitia tundu la kujazia, na yalikuwa mazima, yaking'aa kwa rangi ya shaba bila mkwaruzo wa maana.

Injini hatukuikurupukia. Tulitoa plagi, tukadondosha mafuta mepesi ndani ya kila silinda, tukaacha yazame, kisha tukaizungusha kwa ile hendeli iliyotoka kwenye gunia la kahawa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, bila stata. Ilizunguka. Baadaye, kabureta ikiwa imesafishwa na petroli ikitoka kwenye galoni lililoning'inizwa juu ya boneti, ikawaka kwa moshi mwingi na sauti ya valvu zinazohitaji kurekebishwa, na feni ikakaa kimya hadi maji yalipopata moto, ndipo sumaku ikaishika kama ilivyokusudiwa. Namba ya shasi nimeituma Sochaux, mji wa kiwanda cha Peugeot, ambako taasisi inayosimamia jumba la makumbusho la kampuni hiyo hutoa vyeti vinavyothibitisha umri wa magari ya zamani, ili kadi mpya iwe na ushahidi nyuma yake.

Bodi haitapigwa rangi. Nitaosha, nitazuia kutu pale chini ya mazulia, na ile puti ya mlango wa nyuma nitaiacha ilivyo. Kuhusu wayaringi, fundi wa umeme anashauri kung'oa yote na kuweka mpya kutoka mbele hadi nyuma, kwa kuwa kwake ni kazi ya siku moja. Mimi nimemwomba akate palepale panya walipoishia, aunganishe waya za rangi zilezile kwa urefu ulioliwa tu, na waya za zamani zilizokatwa anirudishie ndani ya bahasha zikiwa zimeandikwa zilipotoka. Amekubali, ila ameongeza bei, na breki hatazigusa mtu mpaka mipira ya silinda kuu niliyoiagiza Ufaransa itakapofika.